Mume wangu hataki mtoto aitwe Bathilde

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Bukavu, na sasa naishi Lyon, Ufaransa, pamoja na mume wangu, ambaye ni Mshi, yaani wa kabila la Bashi wa Kivu, kama mimi. Mwezi ujao natarajia mtoto wa kike. Koko, yaani bibi yangu mzaa mama, ndiye aliyenilea, na jina lake la ubatizo lilikuwa Bathilde. Kabla hajafariki nilimwahidi kwamba binti yangu wa kwanza atalichukua. Mume wangu amekataa katakata. Anasema ni jina la kikoloni ambalo padri alilichota kwenye kalenda, na kwamba mtoto ataitwa Nsimire, basi. Mkunga wangu, ambaye ni Mfaransa, aliposikia jina la koko alishangaa, akasema hata kwao halisikiki tena. Nikaanza kuogopa kwamba mtoto atachekwa shuleni. Mama yangu ananishauri niliandikishe kimya kimya, mume wangu ajionee kwenye cheti. Nifanye nini?

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa ujauzito. Nitaanza na ushauri wa mama yako, kwa sababu ndio unaoweza kukuletea madhara yasiyofutika. Usilifanye hilo. Sheria ya Ufaransa inasema majina ya mtoto huchaguliwa na wazazi wake wawili, na hata kama karani wa ofisi ya meya atakuandikia bila kuuliza maswali mengi, mume wako atakishika cheti hicho miaka yote ya maisha ya binti yenu akikumbuka kwamba alizungukwa. Jina la koko wako likiingia nyumbani kwa njia hiyo litakuwa jina la ugomvi, na sidhani kama hilo ndilo ulilomwahidi.

Sasa tumsikilize mume wako, maana mgala muue na haki yake mpe. Ni kweli kwamba katika misheni nyingi za Kivu, kama ilivyokuwa Rwanda na Burundi, mapadri waliwapa watu majina ya watakatifu yaliyotoka Ulaya, mara nyingi yale ya siku ya kuzaliwa au ya kubatizwa, bila kumwuliza mzazi kama ana jina lake moyoni. Ndiyo maana hadi leo, ukipita Bujumbura, Kigali au Bukavu, utakutana na akina Godelieve, Scholastique, Spéciose na Philomène, majina ambayo huko yalikotoka yalishazeeka au kusahauliwa. Sikukuu ya Mtakatifu Bathilde huadhimishwa tarehe 30 Januari, na kama koko wako alizaliwa au kubatizwa karibu na siku hiyo, huenda mume wako anasema kweli tupu kuhusu kalenda ya padri. Uchungu wake una msingi, na usimjibu kwa kumwambia kwamba mambo hayo yamepita.

Hata hivyo, nadhani anamhukumu mwenye jina hilo bila kumjua, na pengine hata wewe hujasimuliwa habari zake, kwa sababu katekisimu iliwafundisha wazee wetu majina ya watakatifu kuliko maisha yao. Kwa hiyo niruhusu nikusimulie kwa urefu kidogo, kisha umsimulie mumeo mkiwa mmekaa vizuri.

Bathilde hakuzaliwa Mfaransa, wala hakuzaliwa katika nyumba ya kifalme iliyomfikisha kwenye kiti cha enzi. Alikuwa msichana wa Kianglo-Saksoni kutoka Uingereza, aliyezaliwa katika karne ya 7, akachukuliwa mateka akiwa bado mdogo na kuvushwa bahari hadi nchi ya Wafranki. Masimulizi ya maisha yake, yaliyoandikwa kwa Kilatini muda mfupi baada ya kifo chake, yanasema bila kuficha kwamba aliuzwa kwa bei ya chini. Aliyemnunua ni Erchinoald, mkuu wa ikulu ya Neustria, eneo la kaskazini na magharibi ya Ufaransa ya leo. Kazi zake zimetajwa moja moja: kumpelekea bwana wake kinywaji, kuwavua wakubwa viatu, kuwaosha miguu, kuwatengea maji. Erchinoald alipofiwa na mkewe akataka kumwoa, msichana yule akajitupia matambara na kujificha pembeni hadi bwana alipokata tamaa na kuoa mwanamke mwingine. Ni baada ya hapo ndipo mfalme Clovis II alipomwoa, karibu na mwaka 650, naye akamzalia wana watatu ambao wote walikuja kuwa wafalme: Clotaire III, Childéric II na Thierry III.

Clovis alifariki mwaka 657, mkubwa wa watoto akiwa bado mdogo, na Bathilde akashika hatamu za ufalme kwa niaba yake. Hapa ndipo ningependa mume wako atege sikio. Mwanamke huyu aliyewahi kununuliwa alipiga marufuku mateka Wakristo kuuzwa nje ya nchi au kupitishwa humo kwenda kuuzwa, na alitoa mali yake kuwakomboa wengi, hasa watu wa taifa lake mwenyewe. Nitakuwa mkweli kwako: marufuku hiyo haikuufuta utumwa, na iliwalinda Wakristo peke yao. Lakini ni mara ngapi katika historia umesikia kwamba aliyeuzwa ndiye aliyekuja kuandika amri ya kuzuia watu wasiuzwe? Sisi tuliozaliwa kati ya Kivu, Maniema na pwani hatuhitaji kueleweshwa uzito wa jambo hilo. Misafara ya Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa Zanzibar, ilitoka Kasongo ikiwa na pembe za ndovu na watu, na kuna koo ambazo hadi leo zinawataja waliochukuliwa wasirudi. Zaidi ya hayo, Mapadri Weupe waliofungua misheni za kwanza katika eneo lenu ni wa shirika lililoanzishwa mwaka 1868 na Mfaransa Lavigerie, aliyekuja kuwa kardinali, yule yule ambaye mwaka 1888 alizunguka miji mikubwa ya Ulaya akihubiri dhidi ya biashara ya watumwa Afrika. Siwezi kukuambia padri aliyembatiza koko wako alikuwa na nini akilini. Lakini jina alilompa lilikuwa la mtu aliyeionja minyororo, na si la bwana aliyeifunga.

Hakuwa malaika, na mume wako akitafuta atalikuta hilo pia, tena hapo hapo mnapoishi. Askofu wa Lyon aliyeitwa Aunemundus, ambaye mji wa Saint-Chamond ulio karibu na kwenu umepewa jina lake, aliuawa wakati wa utawala wa Bathilde, na mwandishi mmoja wa Uingereza alimtupia malkia lawama za damu hiyo. Ufalme wa siku zile ulikuwa wa visu na sumu, na mimi sioni sababu ya kumsafisha kupita kiasi. Alianzisha monasteri ya Corbie na ile ya Chelles, na katikati ya miaka ya 660 akaondoka, au aliondolewa, kwenye madaraka, akaingia Chelles kama mtawa wa kawaida hadi alipofariki mwaka 680.

Mkipata nafasi ya kwenda Paris, nawasihi mpande treni hadi Chelles, upande wa mashariki ya jiji. Katika jumba la makumbusho la mji huo kuna vazi la kitani linalohusishwa naye. Kifuani limedariziwa kwa nyuzi za hariri zenye rangi, mkono wa fundi ukifuatisha kwa uangalifu umbo la mikufu, moja juu ya nyingine, na chini yake msalaba mkubwa. Inasimuliwa kwamba malkia alivua vito vyake akavigawa, na badala ya dhahabu akavaa picha ya dhahabu iliyochorwa kwa uzi. Humo pia zimehifadhiwa nywele zake. Miaka zaidi ya 1,300 imepita, na bado mtu anaweza kusimama mbele ya kitambaa alichovaa mwanamke aliyewahi kuwekewa bei.

Kuhusu jina lenyewe, asili yake si ya Kilatini wala ya Kifaransa. Limetokana na lugha za kale za Kijerumani, likiunganisha neno la ushujaa na neno la vita, na umbo lake la mwanzo lilikuwa Balthild. Majina mengi ya enzi hizo yalipita katika midomo ya Wafaransa yakalainika: Clotilde, Mathilde, Brunehilde, na hili letu. Lakini hayakuwa na bahati sawa. Mathilde limependwa sana, hata wasichana wengi wa Kifaransa waliozaliwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanaitwa hivyo, na Clotilde limebaki katika familia nyingi za Kikatoliki. Bathilde halijawahi kuwa jina la wengi. Katika karne ya 18 lilibebwa na Louise Marie Thérèse Bathilde wa ukoo wa Orléans, mtoto wa kifalme aliyezaliwa mwaka 1750 na ambaye wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa alijiita Raia Ukweli. Katika karne ya 19, Wafaransa walipoanza tena kuzipenda habari za wafalme wao wa kale, malkia Bathilde alisimamishiwa sanamu katika bustani ya Luxembourg, Paris, miongoni mwa malkia na wanawake wengine mashuhuri. Sanamu ilipata mahali pake, ila jina halikurudi kwenye vitanda vya watoto. Taasisi ya takwimu ya Ufaransa huchapisha orodha ya majina waliyopewa watoto tangu mwaka 1900, na yale yanayotolewa mara chache mno hukusanywa katika fungu moja la majina adimu. Mkunga wako hakukudanganya.

Hapo naona jambo ambalo lingempendeza mume wako akilitafakari. Ufaransa ilikuwa na sheria ya mwaka 1803 iliyowabana wazazi kuchagua majina ya kalenda na ya watu wa historia ya kale, na ililegezwa kabisa mwaka 1993 tu. Jina Bathilde liliruhusiwa muda wote huo, na bado Wafaransa wenyewe wakaliacha. Waliolitunza ni watu kama koko wako. Na walilitunza kwa gharama, kwa sababu mwaka 1972 serikali ya Mobutu iliwaamuru Wazaire wote kuyaacha majina ya Kikristo, naye mwenyewe akalivua la Joseph-Désiré. Kama koko wako aliendelea kuitwa Bathilde kanisani na jikoni katika miaka ambayo halikutakiwa kuonekana kwenye kitambulisho, basi jina hilo lilikoma kuwa la padri. Alikuwa amelichagua. Mwulize mama yako habari za miaka hiyo, umwombe akueleze nani alimwitaje na wapi, kisha majibu hayo umpelekee mumeo, maana yana nguvu kuliko hoja zangu zote.

Uamuzi wangu, kwa kuwa umeniomba ushauri na si hadithi, ni huu. Mtoto aandikwe Nsimire kwanza, na Bathilde la pili. Najua si kila ulichotaka. Lakini mume wako ana haki ya kusikia lugha ya baba zake inapoitwa binti yake, na ahadi yako kwa koko ilikuwa mtoto alichukue jina, haikuwa kwamba litangulie mengine yote. Tena sheria ya Ufaransa inatamka wazi kwamba jina lolote lililoandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa linaweza kutumiwa kama jina la kila siku. Binti yenu akikua akataka kuitwa Bathilde, hatahitaji ruhusa ya mtu. Na kama majina yote mawili yatamlemea kwa sababu za msingi, tangu sheria ya Novemba 2016 mtu anaweza kuomba kubadilisha jina katika ofisi ya meya, bila kupitia kwa jaji.

Kama baada ya kusikia yote haya mume wako mwenyewe atasema Bathilde litangulie, lipokee kwa furaha. Asipolitaka hata la pili, usimshinikize hospitalini ukiwa na uchungu wa uzazi. Mtafute mzee mmoja mnayemheshimu nyote wawili, awasikilize kabla ya tarehe, kwa sababu baada ya mtoto kuzaliwa mtakuwa na siku tano tu za kumwandikisha katika ofisi ya meya ya mahali alipozaliwa. Andikeni majina yote kwenye karatasi kwa herufi zilizo wazi, na mkisome cheti herufi kwa herufi kabla ya kuondoka dirishani, kwa sababu karani akisikia Bathilde, mkono wake unaweza kuandika Mathilde bila yeye kujua.

Kuhusu kuchekwa shuleni, sikufichi kwamba walimu watamwuliza mara mbili mbili. Lakini siku hizi majina ya mabibi wa Kifaransa yamerudi, na madarasa ya huko yamejaa akina Jeanne, Louise na Rose, ambayo miaka 40 iliyopita yalionekana ya kizee. Bathilde halitasikika la ajabu kuliko Nsimire. Mfundishe tangu akiwa mdogo kueleza yote mawili kwa sentensi mbili tatu: moja alipewa na baba yake kwa lugha ya kwao, na jingine lilikuwa la koko wa Bukavu, na kabla yake la msichana aliyeuzwa akaja kuwa malkia.