Eshapma (bomba la moshi) ya Mazda MX-5 ya 1991 imeoza: niweke ipi?

SWALI: Jambo, Papa fundi. Niko Lubumbashi, mtaa wa Bel-Air. Nina Mazda MX-5 ya 1991, injini ya 1.6, iliyotoka Japani ikiwa na jina la Eunos Roadster. Sailensa ya nyuma imechomelewa mpaka sasa hakuna tena bati la kushika moto. Naona njia tatu: kuagiza ya inoksi (chuma cha pua) kutoka ng'ambo, kutafuta iliyotumika, au kumpa fundi wa komini ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, anitengenezee mpya. Rafiki yangu anasema nitoe katalisti (kile kisafisha moshi kilicho kwenye bomba), niweke bomba la inchi 3 toka mbele hadi nyuma, eti gari litaongeza nguvu. Sauti nzuri kidogo ningeipenda, lakini mama watoto hataki makelele. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu yangu, nianze na bomba la rafiki yako, maana hilo ndilo litakalokula pesa yako bure. Injini hiyo ilipokuwa mpya ilitoa nguvu za farasi kama 115 hadi 120. Moshi wake unapita vizuri kabisa kwenye bomba la milimita 50 hadi 57, yaani inchi 2 hadi 2 na robo. Ukiweka inchi 3, nafasi ya ndani inazidi mara mbili ile ya inchi 2, na moshi unapunguza mwendo. Kila mpigo wa moshi ukitoka kwa kasi husaidia kuvuta ule unaoufuata. Ukipoa na kuzubaa njiani, msaada huo unapungua. Nguvu hutaiona, kelele utaisikia. Tena gari lako liko chini. Bomba nene namna hiyo litagonga kila tuta la barabarani kabla hujafika mjini.

Kuhusu katalisti, rafiki yako ana nusu ya haki. Gari la mwaka huo lina sensa moja ya oksijeni, nayo iko mbele, karibu na manifoldi, pale moshi wa silinda zote unapokusanyika. Nyuma ya katalisti hakuna sensa nyingine, kwa hiyo kompyuta ya injini haitajua kama imetolewa. Lakini swali lako si kama kompyuta itajua. Igonge katalisti kwa nyundo ya mpira: ikilialia ndani kama kopo lenye vigae, masega yake yamevunjika, na vipande vitakwenda kuziba sailensa mpya utakayoinunua. Kama hailii ila gari linakosa pumzi kwenye mizunguko ya juu, fungua tundu la sensa, ufunge geji ya presha. Injini ikiwa kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika, presha ikizidi takriban bar 0.2, kuna kizuizi mahali. Ikiwa nzima, mimi naiacha. Gari la kukunjua paa hufyonza hewa ya nyuma na kuirudisha kwenye viti, na katalisti nzima inapunguza ile sumu ya kaboni monoksidi ambayo haina rangi wala harufu.

Sasa sailensa yenyewe. Watu hulaumu matope na mvua ya Januari, kumbe kutu kubwa huanzia ndani. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji, kama mvuke. Ukienda Likasi, bomba lote linapata moto na mvuke unatoka wote. Ukitoka Bel-Air kwenda ofisini na kurudi, sailensa ya nyuma haipati joto la kutosha. Mvuke unageuka maji, unachanganyika na asidi za moshi, unatulia chini ya bati. Ndiyo maana iliyotumika siishauri, hata ikiwa imepakwa rangi ya fedha inang'aa. Imeoza upande usiouona. Kama ni lazima, itingishe usikie kama kuna mabati yanayocheza, kisha bonyeza tumbo lake la chini na mishono yote kwa bisibisi butu. Ikibonyea, rudisha mezani uende zako.

Usimwamini muuzaji anayesema «hii ni inoksi» bila kukuambia ni ipi. Ziko mbili unazoweza kukutana nazo. Ya namba 304 ina kromiamu kama asilimia 18 na nikeli kama 8, na sumaku karibu haiishiki. Ya namba 409 ina kromiamu kama 11 tu. Sumaku inaishika, na juu inapata wekundu wa kutu, ingawa haitoboki upesi. Kwa hiyo sumaku ikinata hujajua bado kama ni 409 au chuma cha kawaida. Chuma cha kawaida kilichopakwa alumini nacho si kibaya, ni rahisi na kinadumu, ila pale kilipochomelewa ule mpako unaungua na kutu inaanzia hapo hapo.

Na hapa ndipo mafundi wetu wengi hukosea na inoksi: wanaifunga kama nondo ya dirisha. Bomba la 304 lenye urefu wa mita 2, likipanda joto kwa nyuzi 300, linarefuka kama milimita 10. La chuma cha kawaida linarefuka kama 7. Injini nayo inayumba kwenye raba zake kila unapokanyaga. Ukichomelea kishikio moja kwa moja kwenye chasisi, lazima kitu kipasuke, na kwa kawaida hupasuka kando ya mshono. Kwa hiyo raba za kuning'inizia zote mpya, kila moja mahali pake pa asili. Raba ni pesa ndogo, na watu huzisahau.

Fundi wa komini ya Kenya usimdharau. Bomba la katikati anaweza kukutengenezea vizuri kuliko la kuagizwa, mradi usimamie mambo mawili. Kwanza unene: bomba la inoksi linalotoka viwandani mara nyingi lina milimita 3 au zaidi, na uzito huo utakata raba. Milimita 1.5 inatosha. Pili, kona. Asipokuwa na mashine ya kukunja yenye kiini cha ndani, bomba linabonyea konani na kipenyo chako cha 50 kinabaki 40. Mafundi wazuri hulijaza mchanga, wakalishindilia kwa kugongagonga ubavuni, wakaziba ncha zote mbili, ndipo wanalipasha moto na kulikunja polepole. Mchanga uwe mkavu kabisa, umekaangwa kwanza. Ukiwa na unyevu, mvuke utafyatua kizibo kama risasi. Simama mbali kidogo hata kama unamwamini.

Sailensa ndiyo sehemu ya kununua mpya, iliyotengenezwa kwa gari hili, yenye flanji yake, yaani bamba la kuiunganisha kwa nati. Chagua kubwa kadiri nafasi ya nyuma inavyoruhusu. Zile fupi za kupita moja kwa moja, zenye bomba la matundu lililozungushiwa sufi ya kioo, zina sauti tamu ukiwa umesimama mbele ya rafiki zako. Barabarani ni habari nyingine. Kwenye gia ya tano, kwa kilomita 100 kwa saa, injini yako inazunguka kama mara 3,200 kwa dakika. Silinda nne zinapiga mara mbili kila mzunguko, sawa na mapigo karibu 107 kwa sekunde. Huo ni mngurumo mzito ambao sailensa fupi haiuzimi, unaingia kwenye viti na kukaa masikioni mpaka Likasi. Mama watoto atashuka njiani. Sailensa ya vyumba vya ndani inauzima vizuri. Ukitaka sauti kidogo, weka ya kupita moja kwa moja iliyo ndefu, pamoja na sailensa ndogo ya pili kwenye bomba la katikati.

Kwa hiyo mimi ningeagiza sailensa tu, ningempa fundi bomba la katikati kwa kipenyo kile kile cha zamani, na mbele nisingegusa kitu zaidi ya gasketi na nati. Hiyo gasketi ya mbele usiibanie pesa. Pakivuja kabla ya sensa, hewa ya nje inaingia kati ya mpigo na mpigo, sensa inadhani petroli ni kidogo, kompyuta inaongeza. Plagi zinakuwa nyeusi na wewe unailaumu petroli ya Kasumbalesa. Kupima ni rahisi: asubuhi injini ikiwa baridi, iwashe, mtu azibe tundu la nyuma kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache, wewe sikiliza wapi panasema «sss».

Kuchomelea kufanyike bomba likiwa chini, nje ya gari. Kwenye gari lenyewe fundi achomelee nukta chache tu za kushikiza, betri ikiwa imetolewa waya, maana tangi la petroli liko nyuma ya viti, karibu na bomba. Zile ngao za joto za bati zirudi zote, hata zilizopinda. Ncha ya nyuma itokeze nje ya bampa, isiishie chini yake. Na baada ya safari mbili tatu za kupasha moto, gari likishapoa, kaza tena nati zote za flanji.