Excel inasema bolti 6, mashine inataka 24

SWALI: Shikamoo mhandisi. Nachora mashine za kupukuchua mahindi kwa SolidWorks, programu ya kuchorea mashine kwenye kompyuta, kwenye karakana ndogo hapa Singida. Mashine ina magurudumu manne, kila gurudumu ni asembli ndogo (kundi la vipuri vilivyofungwa pamoja) yenye bolti 6 za M10, yaani za unene wa milimita 10. Nikitoa BOM, yaani orodha ya vipuri na idadi yake, kwenda Excel inaonyesha bolti 6 tu. Jamaa mmoja akaniuzia makro, programu ndogo ya amri, ya kurekebisha. Mashine ya kwanza ikatoka sawa, lakini ya pili, yenye magurudumu mawili, ikaandika bolti 24 badala ya 12, na nilishazinunua. Halafu faili nikilituma kama CSV, namba za vipuri zinazoanza na sifuri zinapoteza sifuri. Nifanyeje BOM ihamie Excel bila kuharibika njiani?

JIBU: Marahaba. Ifute hiyo makro leo. Sijaiona, ila hesabu yako inaieleza yote: sita mara nne ni 24, na kwenye mashine ya magurudumu mawili bado ni sita mara nne. Jamaa aliitazama mashine yako ya kwanza, akahesabu magurudumu kwa macho, akaiandika nne ndani ya makro, akapokea chake. Angekuuzia kikokotoo ungefaidika zaidi.

Jedwali ulilotoa ni la aina inayoitwa "Indented", linaloshuka ngazi kwa ngazi: asembli kuu, kisha asembli ndogo, kisha vipuri vyake. Mstari wa gurudumu unasema 4. Mstari wa bolti ulio chini yake unasema 6, yaani sita kwa gurudumu moja. Umesoma mstari wa mtoto bila kumtazama mzazi. Jedwali hilo linamfaa fundi anayefunga gurudumu, maana yeye anataka kujua achukue bolti ngapi mkononi. Wewe unayekwenda dukani chagua "Parts only": hiyo huvunja asembli zote ndogo na kujumlisha kila kipuri popote kilipo. Ukishaliweka jedwali kwenye mchoro, bofya kulia juu yake, lihifadhi kama faili la Excel, kazi imekwisha. "Top-level only" iepuke kwa kazi hii, kwa sababu vipuri vilivyo ndani ya asembli ndogo hutaviona kabisa. Wanaotumia Inventor, programu nyingine ya kuchora, wanajikwaa palepale, kati ya "Structured" na "Parts Only".

Tahadhari moja: fremu uliyoichora kama kipuri kimoja cha kuchomelea itatokea mstari mmoja tu, "fremu, 1". Urefu wa mabomba yake umo kwenye jedwali lake la vipande vya kukata, ambalo unaliweka kwenye mchoro na kulihifadhi peke yake kwa njia ileile.

Kuhusu sifuri, mkosaji ni wewe na kidole chako. CSV ni maandishi matupu, na sifuri zako zimo ndani yake. Lifungue kwa Notepad utaziona. Ukilibofya mara mbili, Excel inajifanya inajua: 0450 inaona ni mia nne hamsini, 1/2 ya nusu inchi inaona ni tarehe. Ukishtuka na kuigeuza hiyo tarehe kuwa maandishi, unabaki na namba ya tarakimu tano kama 45689, kwa sababu Excel huhifadhi tarehe kama hesabu ya siku tangu mwanzo wa 1900. Nusu inchi yako hairudi tena. Usijione mshamba; mwaka 2020 wanasayansi wa jeni walilazimika kubadilisha majina ya jeni za binadamu, MARCH1 ikawa MARCHF1, kwa kuwa Excel iliyageuza kuwa tarehe. Kwa hiyo fungua Excel kwanza, ingia kwenye Data, leta CSV kutoka hapo, na safu ya namba za vipuri ipe aina ya maandishi kabla ya kupakia. Au acha CSV, tuma xlsx, faili la Excel lenyewe.

Sasa nirudi kwenye neno lako "bila kuharibika njiani". Hilo ndilo nalisikia kila mara, na ndilo linalowatajirisha wauza makro. Hakuna kinachoharibika njiani. Kitendo cha kuhamisha ni karani wa kunakili: maelezo uliyoyaacha wazi kwenye kipuri yanatoka wazi, kipuri ulichokizima hakihesabiwi, kipuri ulichokiwekea alama ya kutoingia kwenye BOM hakiingii, na bolti uliyoona uvivu kuiweka kwenye mchoro haiwezi kuzuka Excel. Rangi, elektrodi na grisi nazo hazimo, kwa sababu hukuzichora. Kila kosa la namna hii dawa yake iko kwenye modeli, yaani mashine yenyewe uliyoichora kwenye programu. Lakini nimeona watu wazima wakipiga picha jedwali la kwenye skrini, wakaipitisha kwenye programu ya kusoma picha, eti ndiyo njia ya mkato, kisha wanashangaa M10 imekuwa M1O, herufi O mahali pa sifuri.

Kinyume chake, kuna hesabu ambayo modeli ya kawaida haikufanyii, na watu hawaifanyi. Tuseme vipande vya kukata vinasema vipande 14 vya bomba la mraba, kila kimoja mita 2.1. Jumla ni mita 29.4. Bomba dukani ni la mita 6, unagawanya, unapata 4.9, unanunua mabomba matano. Ukifika kwenye msumeno unagundua bomba moja linatoa vipande viwili tu, maana vitatu vinataka mita 6.3. Ulihitaji mabomba saba. BOM inaorodhesha kilichomo ndani ya mashine iliyokamilika. Unachonunua ni kitu kingine, na hapo ndipo Excel inapostahili kazi, kwenye karatasi ya pili, bila kugusa ile iliyotoka kwenye mchoro.

Nasema bila kugusa kwa sababu yamenikuta. Karakana niliyofanyia kazi zamani tulikuwa na faili moja la Excel "lililosafishwa" kwa mkono, limezunguka WhatsApp mpaka kila mtu ana lake. Mchoraji akabadilisha shafti kutoka milimita 25 kwenda 30, na kwenye modeli beringi akaziweka UCP206 kama inavyotakiwa. Faili la Excel halina kamba inayolifunga na modeli. Likabaki na UCP205, ambazo tundu lake ni la milimita 25. Zikanunuliwa, zikaletwa, na mtu mmoja akapendekeza kwa dhati kabisa kwamba tuipunguze shafti kwa grainda. Tangu siku hiyo, modeli ikibadilika natoa jedwali upya na la zamani nalifuta, hata kama kilichobadilika ni washa moja ya bolti.

Kwa hiyo wewe: jaza maelezo kwenye kila kipuri mara moja, toa "Parts only" kila unapobadilisha kitu, na ukikutana na idadi usiyoielewa fungua mchoro uhesabu kabla ya kumtafuta jamaa. Zile bolti 12 zilizozidi usizirudishe dukani, zitakuwa nusu ya zile za mashine yako ijayo ya magurudumu manne.