Maswali yenu: mgonjwa akiwa seli

Wiki hii ni ya walioshikwa kwa maandamano na wanaumwa huko ndani, ndiyo yamejaa kwa simu yangu. Wa mashamba na urithi mtasubiri.

Kijana wangu alibebwa Ijumaa jioni na ana pumu. Nilipeleka inhela, afande wa dawati akasema vitu vya nje haviingii. (Mama, Kondele)

Pole sana mama. Kwanza hiyo Ijumaa jioni si bahati mbaya. Katiba, kifungu cha 49, inataka afikishwe kotini ndani ya saa 24, lakini zikiisha koti ikiwa imefungwa basi ni siku inayofuata ya koti, kwa hivyo wa Ijumaa analala hadi Jumatatu na wao hiyo hesabu wanaijua kukuliko. Rudi leo, usiende peke yako, uliza OCS mwenyewe, yule mkuu wa kituo, useme kwa heshima lakini walio kwa foleni wasikie: mtoto ana pumu, naomba iandikwe kwa OB (kitabu cha matukio cha kituo) nipewe namba. Usikubali "tumesikia mama, nenda nyumbani". Afande aliyekataa inhela asubuhi ataipeleka mbio akiona neno pumu limeandikwa kwa zamu yake, kwa sababu kijana akizidiwa, kitabu ndicho kitaulizwa. Inhela iwe kwa boksi yake pamoja na karatasi ya daktari. Wakigoma kuandika, tuma loya, na Jumatatu kabla hata ya kuongea mambo ya dhamana amwambie hakimu mteja ni mgonjwa na aombe amri ya hospitali. Amri ikitoka toa kopi, maana zinapotea kati ya koti na seli. Na usitoe kitu kidogo, utalipa kila zamu ikibadilika.

P3 ni pesa ngapi? (Kijana, Nakuru)

Hiyo fomu ya polisi ambayo daktari huandika majeraha yako ni ya bure. Ilikuwa bure mwezi jana na ule mwingine mlipouliza. Kama ulipigwa ukiwa ndani, ijazwe upesi kabla uvimbe haujashuka, na upige picha. Juni 2025 polisi walituambia mwalimu Albert Ojwang', aliyeshikwa Homa Bay akafia seli Nairobi, alijigonga kichwa ukutani. Ni upasuaji wa maiti uliosema kichwa kilipigwa na shingo ikabanwa.

Wanaharakati walijitafutia. Mbona wapelekwe hospitali na sisi huku nje dawa hatuna? (Msomaji, Kakamega)

Wewe ukikosa dawa kwa hospitali ya serikali unatoka unajaribu duka la dawa, yeye amefungiwa, na mwenye ufunguo ndiye amebeba mzigo wa huyo mgonjwa. Halafu wengi wao hawajahukumiwa na chochote. Kenneth Matiba, mwanasiasa aliyedai vyama vingi, aliwekwa kizuizini 1990 bila kesi, akapata kiharusi huko ndani na matibabu yakacheleweshwa, na 2017 Mahakama Kuu ikaamua alipwe zaidi ya shilingi milioni 500, sasa jiulize hizo zinatoka mfuko wa nani. Tito Adungosi wa Teso, hapo tu jirani yenu, alifungwa 1982 akiwa mwenyekiti wa wanafunzi wa chuo kikuu, akafia jela 1988. Na si Kenya peke yake, kule Iran mwanaharakati Narges Mohammadi, akiwa jela, alitangazwa mshindi wa Nobel ya Amani Oktoba 2023, Novemba wakakataa kumpeleka hospitali akiwa na shida ya moyo na mapafu, eti kwa sababu hakutaka kuvaa hijabu. Kunyima dawa ni kipigo kisichoacha alama, ndiyo maana wanakipenda.

Ndugu yangu yuko remandi, anataka kususia chakula mpaka apelekwe hospitali. (Dada, Bungoma)

Kama ana sukari au anameza dawa za kila siku, mwambie aache leo. Najua mtanitajia Besigye, yule mpinzani wa Uganda aliyenyakuliwa hapa Nairobi Novemba 2024 akaibukia Kampala, akasusia chakula Februari 2025 hadi wakampeleka kliniki Bugolobi. Lakini yeye ni daktari na dunia nzima ilikuwa inatazama. Ndugu yako akisusia bila loya kujua, watasema alikosa tu hamu ya kula.

Nilishtaki askari jela wa Kodiaga kwa IPOA, kimya. (Baba, Kisumu)

IPOA ni mamlaka ya kuchunguza polisi tu, mzee, magereza haiwahusu. Peleka kwa KNCHR, tume ya haki za binadamu, wako na ofisi hapo Kisumu, au muombe loya arudi kwa hakimu. Na kama uliweka picha za vidonda kwa grupu ya WhatsApp, zitoe kwanza, hao askari pia wanaweza kuwa ndani ya hiyo grupu.