Presha na sukari vikikutana kwenye jicho

Sisi wenye presha na sukari hapa Mbeya chumvi tunapunguza na miguu tunakagua, ila macho tunayakumbuka siku maandishi ya simu yanapoanza kufifia. Usingoje siku hiyo. Retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, huharibika bila maumivu yoyote.

Sukari ikikaa juu kwa miaka, hudhoofisha kuta za mishipa midogo ya damu kwenye retina. Presha nayo husukuma damu kwa nguvu mlemle. Chukua mpira wa kumwagilia uliochakaa, kisha fungulia bomba lote: lazima uvuje. Majimaji yakikusanyika katikati ya retina, hata sura za watu unaanza kutoziona vizuri.

Utafiti wa Uingereza uitwao UKPDS ulitoa matokeo yake mwaka 1998. Wagonjwa wa sukari ya aina ya pili walioshushiwa presha hadi wastani wa 144/82, wakilinganishwa na wenzao waliobaki kwenye 154/87, walipunguza hatari ya retina kuzidi kuharibika kwa asilimia 34. Tofauti ya namba ni ndogo, faida yake ni kubwa mno. Ndiyo maana kidonge cha presha nakimeza nikijua ni dawa ya macho pia.

Kapime kila mwaka, hata kama unaona vizuri. Mimi nilikuwa nasoma gazeti bila shida siku daktari aliponigeuzia skrini na kunionyesha vidoa vyekundu, vidogo kama ncha ya sindano, kwenye picha ya jicho langu. Kabla ya kupima unawekewa matone ya kutanua mboni. Yanawasha kidogo. Ukitoka, jua la huku juu linachoma macho, na vya karibu huvioni sawasawa kwa saa kadhaa, kwa hiyo vaa kofia, nenda na mtu, pikipiki iache nyumbani.

Miwani usikimbilie kununua sokoni Mwanjelwa wakati sukari imepanda. Lenzi ya jicho hubadilika kufuatana na sukari. Sukari ikishatulia kwa wiki kadhaa, miwani ile haikufai tena.

Uharibifu ukizidi, kuna leza na sindano za jichoni. Sindano inatisha kuisikia, lakini ganzi hutangulia. Leza huzuia hali isizidi. Uoni uliokwisha kupotea mara nyingi haurudishi. Ukiona ghafla vidoa vyeusi vingi vinaelea, au kama pazia limeshuka upande mmoja, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda hospitali siku hiyohiyo.