Presha ya mzee 168/74: ya juu inapaa, ya chini inashuka

Mkuu uliyeuliza, pole kwa kuuguza. Umesema mzee wako ana miaka 71, presha inasoma 168/74, akisimama kichwa kinamzunguka, na jirani anasema dawa aache maana "ya chini iko poa". Asiache. Mama yangu namuuguza hapa hapa Dodoma, na namba zake zilikuwa za sampuli hiyo.

Hiyo tofauti ya 94 kati ya namba mbili ndiyo habari yenyewe. Kwa kijana huwa karibu na 40. Mshipa mkubwa unaotoka kwenye moyo hutanuka damu ikiingia, kisha hujirudi na kuisukuma damu mbele wakati moyo umepumzika. Umri ukienda, nyuzi zinazovutika ndani ya kuta zake hukatika, ngumu zikachukua nafasi. Unakuwa kama mpira wa kufungia mizigo kwenye keria ya baiskeli uliochomwa na jua miaka. Moyo ukipiga, mshipa hautanuki, ya juu inapaa. Moyo ukipumzika hakuna cha kusukuma, ya chini inashuka. Kwa watu wengi ya chini hupanda mpaka kwenye miaka 50 na kitu, halafu huteremka yenyewe. Kwa hiyo 74 ya mzee wako isikutulize.

Utando wa ndani wa mishipa nao hutoa naitriki oksaidi, gesi inayoulegeza mshipa (kazi yake ilizaa Nobel ya 1998, na cha ajabu gesi hiyo hiyo imo kwenye moshi wa magari). Uzeeni hupungua, sigara na kisukari huipunguza zaidi.

Sasa kizunguzungu. Mtu akisimama damu hukimbilia miguuni, na mishipa ya shingo inatakiwa kuustua moyo haraka. Ikishakuwa migumu, inachelewa. Kituo kimoja walituambia "ni uzee tu" bila hata kumsimamisha. Kwingine daktari alimpima mama amelala, kisha amesimama, dakika ya kwanza na ya tatu. Ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini 10, hilo huitwa presha kushuka kwa kusimama, na lina tiba. Mama alibadilishiwa saa za vidonge, akasisitiziwa maji, maana wazee hawasikii kiu vizuri na joto letu la Oktoba mnalijua.

Chumvi mmeambiwa sana. Ambalo sijaona likisemwa ni magadi: nayo ina sodiamu ile ile ya kwenye chumvi, na nyumba ya Kigogo mlenda hauivi bila magadi. Sisi tulipunguza. Mama alinuna, anakula.

Na si kwamba presha lazima ipande kila mtu akizeeka. Wahadzabe wa kule Ziwa Eyasi walipopimwa, katika utafiti uliochapishwa 2017, presha ya kupanda ilikuwa nadra hata kwa wazee. Walikuwa wanatembea sana, vya viwandani hawali kwa wingi.

Mpime asubuhi kabla ya dawa, kwa mashine ya kufunga juu ya kiwiko: akae kimya dakika 5, umpime, kisha umpime amesimama, umshikilie. Andika zote, mpeleke nazo kliniki. Mdomo ukipinda au mkono ukikosa nguvu ghafla, usisubiri tarehe ya kliniki, kimbiza hospitali saa hiyo hiyo.