Nyonga bandia haiumi? Kapige eksirei hivyo hivyo

Siku daktari wa mifupa aliponiambia kwamba mfupa unalika kuzunguka nyonga yangu ya bandia, nilikuwa nimepanda ngazi hadi chumbani kwake bila kuchechemea. Ndivyo ugonjwa huu ulivyo: mfupa unaweza kulika miaka na mwenyewe usihisi kitu.

Aliweka picha mbili pamoja, ya baada ya upasuaji na ya siku ile. Kwenye ya zamani, kichwa cha chuma kimekaa katikati ya kikombe, yaani tundu la bandia ambamo kichwa huzunguka. Kwenye mpya kimepanda juu kidogo, kimeegemea upande mmoja. Plastiki ya ndani imelika. Juu ya kikombe pana doa jeusi la mviringo, na hapo ndipo mfupa ulipotoweka. Vumbi la plastiki huingia kwenye nyama za kiungo, seli za kinga zikalimeza, zikashindwa kulisaga, kisha zikaamsha seli zinazomomonyoa mfupa.

Kwa hiyo, eksirei ya kwanza baada ya upasuaji omba nakala yake uitunze mwenyewe. Hospitali hupoteza mafaili, na bila picha ya kulinganisha daktari atabaki kukisia.

Eksirei nayo ina mipaka. Chuma huziba sehemu ya mfupa, hivyo shimo huonekana dogo kuliko lilivyo. Langu lilipopimwa kwa CT scan lilikutwa kubwa zaidi. MRI pia inawezekana, ila lazima ipangwe maalumu kwa mtu mwenye chuma mwilini. Kama nyonga yako ni ya chuma kwa chuma, yaani kichwa na kikombe vyote ni chuma, ulizia kipimo cha damu cha madini ya kobalti na kromiamu.

Maambukizi nayo hula mfupa, tena matibabu yake ni mengine kabisa. Vipimo vya damu vya CRP na ESR, vinavyoonyesha kama kuna uvimbe wa ndani mwilini, ndivyo huanza. Vikitia shaka, maji ya kiungo huvutwa kwa sindano. Kama umemeza antibiotiki karibuni, sema. Zinaweza kuficha vijidudu.

Ukianza kuumwa, eleza ni wapi hasa. Maumivu ya kinena mara nyingi hutoka kwenye kikombe, ya paja kwenye shina, yaani chuma kilichoingizwa ndani ya mfupa wa paja. Yanayokuja hatua za kwanza ukiinuka kitini, kisha yakapoa, humfanya daktari ashuku kwamba nyonga imelegea.

Na fundi wa eksirei mkumbushe: picha ifike hadi ncha ya shina. Yangu moja ilikatwa juu yake, ikabidi irudiwe.