Unataka ubunge wa upinzani? Anza na makabrasha

Vijana wanaonijia kuniuliza habari za ubunge wa upinzani wengi huanza na mdomo: waziri ajibiwe vipi, watoke ukumbini lini ili magazeti yaandike. Niliwahi kumsaidia mbunge mmoja wa upinzani kuandaa hoja zake wakati wa Bunge la Bajeti, Dodoma, na ushauri wangu haujabadilika. Jifunze kusoma vitabu vya bajeti kabla hujajifunza kuhutubia.

Chukua suala la kushika shilingi. Wizara ikifika Kamati ya Matumizi, Bunge zima hukaa kama kamati na vifungu hupitiwa kimoja kimoja. Kwenye kifungu chenye mshahara wa waziri ndipo mbunge husimama na kuomba ufafanuzi wa kisera, na asiporidhika hutoa hoja ya kuondoa shilingi moja kwenye mshahara huo. Shilingi yenyewe si hela. Kinachomkosesha waziri raha ni wabunge kusimama kuunga mkono, mjadala kufunguka, na yeye kubanwa atoe ahadi itakayoingia kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge. Ukiishika kwa jazba tu, utaambiwa "Serikali inalifanyia kazi", utairudisha na kukaa umeambulia patupu. Ndiyo maana usiku wa kuamkia wizara tuliyoilenga tulikuwa tunajaza karatasi moja: mradi gani, kijiji gani, mwaka jana zilitengwa ngapi, Hazina ilitoa ngapi. Chini kabisa tunaandika ahadi ambayo tukiipata, shilingi inarudi. Mbunge asiyekuwa na huo mstari wa mwisho hajui asimamie wapi. Na uwahi kuomba nafasi, maana muda ukiisha vifungu vilivyobaki hupitishwa kwa mkupuo.

Kura zenyewe utashindwa karibu zote, chama tawala kina wingi. Kwa hiyo tafuta watu wa upande wa pili, hata kama wenzako watakuita msaliti kantini. Novemba 2014 ripoti ya Tegeta Escrow, sakata la fedha zilizochotwa kwenye akaunti iliyokuwa Benki Kuu, ililetwa bungeni na Kamati ya Hesabu za Serikali, PAC, mwenyekiti wake Zitto Kabwe wa upinzani na makamu wake Deo Filikunjombe wa CCM, wakiwa na ukaguzi wa CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, mkononi. Bunge likapitisha maazimio. Desemba Mwanasheria Mkuu Frederick Werema akajiuzulu, Waziri Anna Tibaijuka akaondolewa, na Januari 2015 Waziri wa Nishati na Madini, Sospeter Muhongo, naye akaachia ngazi. Sidhani kama hotuba kali ya mtu mmoja ingewafikisha huko.

Adhabu nayo ipo, jiandae. Zitto huyo huyo alisimamishwa ubunge Agosti 2007 kwa sakata la mkataba wa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi. Miezi michache baadaye Rais Kikwete akamteua kwenye Kamati ya Bomani iliyopitia sekta ya madini.

Kama uchaguzi bado uko mbali, usikae bure. Ripoti za CAG huwekwa wazi Aprili, na ipo ya serikali za mitaa. Tafuta halmashauri yako humo, angalia hoja za ukaguzi za miaka ya nyuma ambazo hazijafungwa, kisha mfuate diwani wako umuulize zimefikia wapi. Nenda na nakala, akikwambia hajaiona umwachie.